Kilo Zinazohama: Sayansi ya Bunduki Nyepesi ya Uwindaji

Mwaka 1904 tahri wachache, wanyama wa Himalaya walio jamaa ya mbuzi, waliachiliwa karibu na mlima Aoraki katika kisiwa cha kusini cha New Zealand. Walikuwa zawadi ya Diuki wa Bedford kutoka Uingereza. Nchi ile haikuwa na mamalia wa asili wa nchi kavu isipokuwa popo, kwa hiyo mimea yake ya milimani haikuwa na kinga yoyote dhidi ya meno ya mbuzi. Tahri waliongezeka wakaanza kuimaliza. Tangu 1993 serikali ina mpango unaotaka idadi yao isizidi 10,000, na wawindaji wa kawaida ni sehemu ya kazi ya kuwapunguza.

Tahri hukaa juu, penye majabali. Mwindaji anaanzia bondeni kwenye kokoto za mto, anapanda mita elfu moja na pengine zaidi, na akifika anatakiwa kulenga vizuri huku mapafu yakiwa bado yanahema. Ni katika milima ya namna hii, na ile ya Colorado, Alps na Uskoti, ndipo bunduki nyepesi ya bolti, yaani ya komeo linalovutwa kwa mkono kila risasi, ilipopata wateja. Mauser ya jeshi la Ujerumani ya 1898, ambayo bunduki nyingi za bolti za leo zinafuata muundo wake, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 4.1. Winchester Model 70 Featherweight, iliyotoka 1952, ina kama kilo 3. Tikka T3x Lite ya Finland ina takriban kilo 2.9, na kiwanda cha Kimber kina bunduki za milimani zenye kilo 2.2 hivi kabla ya kufungwa darubini.

Kwa mtu anayetaka kununua, namba hizo zinavutia: kila gramu iliyoondolewa inaonekana ni faida tupu. Sayansi inasema vingine. Uzito ukiuondoa mgongoni unahamia begani kama teke, unahamia mkononi kama mtikisiko, na unahamia kwenye mtutu kama joto. Kuchagua bunduki nyepesi ni kuamua ni mzigo gani uko tayari kuubeba badala ya ule ulioutua.

Mzigo na miguu

Tuanze na faida yenyewe. Kubeba kilo moja kunamgharimu mtu kiasi gani?

Mojawapo ya majibu mazuri lilitoka Kenya. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliowashangaza wataalamu wa mwili. Walipima oksijeni waliyoitumia wanawake wa Kiluo, wanaobeba mzigo utosini, na wa Kikuyu, wanaobeba kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaonyesha jinsi inavyowezekana. Mwili unapotembea hupanda na kushuka kidogo juu ya mguu ulioegemewa, na kila ukishuka hurudisha sehemu ya nguvu iliyotumika kuupandisha. Wanawake wale, wakiwa na mzigo, walirudisha sehemu kubwa zaidi ya nguvu hiyo kuliko watu wengine. Utafiti wa baadaye wa Afrika Kusini haukukuta unafuu huo kwa kila mwanamke anayebeba kichwani, kwa hiyo ni busara kuuona kama ustadi wa mwili wa baadhi ya watu waliozoea tangu utotoni.

Kuna somo jingine kutoka jeshi la Marekani. Mwaka 1969 Soule na Goldman walipima gharama ya mzigo ule ule ukiwekwa sehemu mbalimbali za mwili. Mzigo wa mikononi unaweza kugharimu karibu mara mbili ya ule ulioko kiwiliwilini, na wa miguuni mara nne hadi sita. Kwa mwindaji maana yake ni hii: bunduki iliyofungwa vizuri kwenye mkoba wa mgongoni ni mzigo mmoja, na bunduki ile ile ikishikwa mkononi siku nzima ni mzigo mwingine kabisa. Na anayelipa fedha nyingi kupunguza nusu kilo ya bunduki huku amevaa buti zito lisilo na sababu amepunguza mahali pasipostahili kuanziwa.

Tupige hesabu ya mlima. Tuseme umebadilisha bunduki ya kilo 4 ukachukua ya kilo 2.7, ukaokoa kilo 1.3. Kupandisha kilo hizo kwa mita 1,000 kunahitaji jouli kama 12,750. Misuli hugeuza takriban robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, hivyo mwili utatumia kama jouli 51,000, yaani kilokalori 12. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kilokalori 16.

Namba hiyo isitumike kumdharau anayetaka bunduki nyepesi. Uchovu wa mlimani hauko kwenye nishati peke yake. Uko kwenye bega linalokatwa na mkanda, kwenye mkono uliokufa ganzi, kwenye mizani ya mwili unapovuka ukingo wa jabali. Kwa mwenye mwili mdogo, kwa kijana anayejifunza, kwa mzee mwenye goti bovu, kilo moja ni kitu. Lakini hesabu inatupa kipimo cha haki: faida ipo na ni ya wastani. Kwa hiyo hairuhusiwi kununuliwa kwa bei yoyote ile.

Teke

Isaac Newton aliandika mwaka 1687 kwamba kila msukumo una msukumo unaoujibu, ulio sawa nao na wa upande wa pili. Baruti ikiisukuma risasi mbele, inaisukuma bunduki nyuma kwa kiasi hicho hicho. Ila kanuni ni jambo moja na kipimo ni jingine. Kwa zaidi ya miaka hamsini baada ya Newton hakuna aliyekuwa na njia ya kuaminika ya kujua risasi inakwenda kasi gani.

Aliyeipata ni Benjamin Robins, Mwingereza aliyezaliwa Bath mwaka 1707. Katika kitabu chake cha 1742 kuhusu kanuni za mizinga alieleza chombo cha ajabu kwa urahisi wake: kipande kizito cha mbao kilichoning'inizwa kiweze kubembea, na utepe uliofungwa chini yake. Risasi inapiga mbao, inazama humo, mbao inabembea nyuma na kuvuta utepe. Kwa kupima urefu wa utepe uliovutwa, na kwa kujua uzito wa mbao na wa risasi, Robins aliweza kukokotoa kasi. Akafanya jambo la pili, lenye thamani vilevile. Alikisogeza chombo mbali zaidi na bunduki, akaona kwamba risasi ilikuwa imepoteza kasi nyingi njiani kuliko wataalamu wa wakati wake walivyoamini. Hewa, iliyodhaniwa kuwa kizuizi kidogo tu, ilikuwa inaivuta risasi ya kasi kwa nguvu iliyouzidi uzito wake mara nyingi. Leonhard Euler, mwanahisabati mkubwa wa zama hizo, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kijerumani mwaka 1745 akakiongezea maelezo yake.

Vitu hivyo viwili, msukumo na hewa, ndivyo vinavyoamua bunduki nyepesi ifae au isifae.

Chukua risasi ya .308 Winchester ya gramu 9.7, inayotoka kwa mita kama 860 kwa sekunde, pamoja na gesi ya gramu 2.9 za baruti inayofumuka nyuma yake kwa kasi kubwa zaidi. Kwa makadirio, bunduki ya kilo 4 pamoja na darubini yake itarudi nyuma ikiwa na nishati ya jouli 20 hivi. Weka risasi hiyo hiyo kwenye bunduki ya kilo 2.7, teke linafika jouli 29. Uzito umepungua kwa theluthi moja, teke limeongezeka kwa karibu nusu. Hakuna kitako cha kisasa kinachoweza kuifuta hesabu hii. Mpira laini wa kitakoni unatandaza teke kwenye muda mrefu kidogo na eneo pana kidogo la bega, na hiyo ni nafuu ya kweli, lakini jumla ya msukumo inabaki ile ile.

Sasa tazama kinachotokea mtu akichanganya bunduki nyepesi na risasi yenye nguvu nyingi. Kwa .300 Winchester Magnum, bunduki ya kilo 2.7 inapiga bega kwa jouli kama 55, karibu mara tatu ya tulikoanzia. Wapo wanaoweza kulivumilia teke hilo na bado wakapiga vizuri. Ni wachache, na wengi wanaodhani wamo katika hesabu hiyo hawamo.

Geuza njia. Risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyotoka 2007, ikiwa kwenye bunduki hiyo hiyo ya kilo 2.7 inatoa jouli 23 hivi. Ile .243 Winchester ya 1955 inatoa 17. Kwa maneno mengine, bunduki nyepesi yenye risasi ya wastani inaweza kukaa begani kama bunduki nzito yenye risasi ya nguvu zaidi. Kilo zilizotoka kwenye chuma zimelipiwa kwa baruti iliyopunguzwa, bega halikutozwa kitu.

Je, umbali haupotei? Hapa ugunduzi wa pili wa Robins unatufaa. Kwa kuwa hewa ndiyo mla kasi mkubwa, risasi ndefu na nyembamba, yenye ncha kali, huchukua kasi yake mbali zaidi kuliko risasi fupi na nene inayotoka mtutuni kwa kasi hiyo hiyo. Ndiyo sababu risasi za milimita 6.5 na 7 zimependwa na wawindaji wa milimani kwa zaidi ya miaka mia moja: zinatumia baruti ya wastani na hazinyang'anywi sana na hewa njiani.

Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wake wa zamani. W. D. M. Bell, Mskoti aliyezaliwa 1880, aliwinda tembo Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda ya leo, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wawindaji wa rika lake walibeba bunduki nzito za mitutu miwili. Yeye alipenda Mauser ya milimita 7, ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Alilipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande. Aliua zaidi ya tembo elfu moja, na leo idadi hiyo inahuzunisha. Sheria pia imefunga njia yake: Tanzania, kwa mfano, inadai kaliba ya .375 au zaidi kwa tembo na nyati, na Kenya imepiga marufuku uwindaji wa burudani wa wanyamapori tangu 1977. Lakini jambo moja kwake linabaki kuwa kweli. Alijua kwa uhakika risasi inatakiwa kwenda wapi, na alikuwa na bunduki iliyomruhusu kuipeleka pale bila kuogopa.

Kuogopa ndiko kiini cha habari

Risasi inapita kwenye mtutu wa sentimita 56 kwa muda wa sehemu moja na kitu tu ya elfu ya sekunde. Inapotoka mdomoni, bunduki ya kilo 2.7 imerudi nyuma milimita 2 hivi. Sehemu kubwa ya teke bega hulipokea wakati risasi imeshakwenda. Hivyo kwa mpigaji wa kawaida maumivu yenyewe hayaharibu shabaha. Kinachoharibu ni mwili unaoyakumbuka maumivu ya mara iliyopita.

Mwili hujifunza upesi. Baada ya risasi chache zenye teke kali, macho huanza kufumba kabla ya mlio, bega husukuma mbele kujihami, na kidole kinavuta kwa kushtuka badala ya kubana taratibu. Mwenyewe hajui, kwa sababu kishindo na mtikiso vinaficha kila kitu. Wakufunzi wana njia ya kuufichua mshtuko huo. Mpigaji akiangalia pembeni, mwenzake anaweka bila mpangilio risasi za kweli na risasi bandia za mazoezi zisizo na baruti. Inapofika zamu ya risasi bandia, bunduki inalia "tik" tu, na kila mtu aliye pale anaona mdomo wa mtutu ukiinama kwa ghafla. Ni jambo la kustaajabisha kulitazama: bunduki haikupiga teke lolote, na bado mwili umelijibu teke.

Mnyama ndiye anayelipa deni la woga huo. Risasi iliyopotoka sentimita 15 mlimani inaweza kuwa tofauti kati ya kifo cha sekunde chache na mnyama aliyevunjwa mguu anayetokomea nyuma ya jabali hadi usiku. Kwa sababu hiyo teke halistahili kuchukuliwa kuwa suala la ushujaa. Mtu anayesema "nitalizoea" hajiwekei dau peke yake.

Mtikisiko nao una kanuni yake. Kitu chenye uzito hukataa kusogezwa, na chepesi hukubali. Mapigo ya moyo, pumzi na upepo hupata kazi rahisi kwenye bunduki nyepesi. Zaidi ya uzito, mahali uzito ulipo panahesabu mno, kwa kuwa ukinzani wa kitu dhidi ya kugeuzwa huongezeka kwa mraba wa umbali. Gramu 100 zilizoko sentimita 50 mbele ya mkono wako zinakinza kuyumba mara 25 zaidi ya gramu 100 zilizoko sentimita 10. Kwa hiyo kiwanda kinachopunguza uzito wote kwenye mdomo wa mtutu kinakunyima kile kilichokuwa kinaituliza bunduki. Afadhali ipunguzwe katikati na nyuma, mbele ibakizwe uzito kiasi. Dukani huhitaji mizani kulijua hili: ishike bunduki kama unayelenga, ikiwa tupu na imekaguliwa, uone kama mdomo unatulia au unatafuta pa kwenda.

Kifyatulio kinaingia katika hesabu hiyo hiyo. Kama kinahitaji kuvutwa kwa nguvu ya kilo 2.5 na bunduki yote ina kilo 2.7, kidole chako kinashindana na uzito wa bunduki nzima, na bunduki itasogea. Kwenye bunduki nyepesi ya uwindaji, kifyatulio safi, kisicho na mkwaruzo, kinachoachia kati ya kilo 1 na 1.4, kina thamani kuliko mapambo yote. Chepesi kupita hapo si salama kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi.

Chuma chembamba, kitako cha nyuzi

Mtutu ndio chuma kingi kuliko chote, hivyo ndio wa kwanza kukatwa. Zipo njia mbili, kuufanya mwembamba au kuufanya mfupi, na hazilingani. Uzito wa fimbo hufuata mraba wa kipenyo chake, lakini ukakamavu wake hufuata mraba wa mraba wa kipenyo hicho. Punguza kipenyo kwa asilimia 10: uzito unashuka kwa asilimia 19, ukakamavu kwa asilimia 34. Punguza urefu kwa asilimia 10: uzito unashuka kwa kiasi hicho hicho cha 10, na ukakamavu unapanda kwa zaidi ya theluthi. Gharama ya ufupi ni kasi, kwa kawaida mita 6 hadi 9 kwa sekunde kwa kila sentimita 2.5, pamoja na mlio mkali zaidi. Kwa umbali wa kawaida wa uwindaji, gharama hiyo inavumilika. Mtutu wa sentimita 50 hadi 56 wenye unene wa kuridhisha ni chaguo la busara kuliko mrefu uliokondeana.

Chuma chembamba hupata moto upesi pia. Kikipata moto hutanuka, na kama msongo uliobaki ndani yake tangu kiwandani haukuondolewa sawasawa, hupinda kwa kiasi kidogo kinachotosha kuhamisha risasi ya tatu na ya nne. Hili linawasumbua wengi uwanjani na halipaswi kuwasumbua. Mwindaji wa mlimani hupiga risasi moja, kwa nadra mbili. Cha kuupima mtutu mwembamba ni risasi yake ya kwanza ukiwa baridi: je, leo imetua pale ilipotua jana? Piga moja au mbili, acha upoe kabisa, rudia.

Kwenye kitako sayansi imetoa zawadi ya kweli. Mwaka 1965, katika maabara ya DuPont huko Wilmington, Delaware, mkemia Stephanie Kwolek alikuwa anatafuta nyuzi nyepesi na imara za kuimarisha matairi. Alipata myeyusho uliokuwa mwepesi kama maji na wenye ukungu, wakati miyeyusho iliyozoeleka ilikuwa mizito na angavu. Kwa sura ile ulistahili kumwagwa. Fundi wa mashine ya kusokota nyuzi alisita kuutia akihofia utaziba matundu. Kwolek hakukubali kuutupa, akasisitiza, na uzi uliotoka ulikuwa imara mara tano kuliko chuma cha uzito ule ule. Ndio Kevlar, ambayo leo imo kwenye fulana za kuzuia risasi.

Miaka ya 1980 Melvin Forbes, fundi bunduki wa West Virginia, alitumia Kevlar pamoja na nyuzi za kaboni kutengeneza kitako cha chini ya nusu kilo, akatoa bunduki kamili za bolti zenye takriban kilo 2.3. Mchanganyiko huo ulikuwa na sababu: Kevlar haivunjiki kirahisi ikivutwa lakini inalegea ikibanwa, na kaboni ndiyo inayoleta ukakamavu. Kitako cha mbao ya wolnati mara nyingi hukaribia kilo moja, na kina udhaifu mwingine: mbao hunywa unyevu na kuvimba, kisha hukauka na kujikunja, na kila ikifanya hivyo hubadilisha jinsi inavyougusa mtutu. Bunduki iliyorekebishwa kwenye bonde kavu inaweza kupiga mahali pengine baada ya siku tatu za mvua. Nyuzi na gundi ngumu hazina tabia hiyo. Hapa, tofauti na kwenye mtutu, uzito unaondoka na uimara unaongezeka, kwa hiyo fedha yako ya kwanza ielekee huku. Jihadhari tu na vitako vya plastiki nyepesi vya bei ya chini. Kibonyeze sehemu ya mbele kwa vidole: kikigusa mtutu kwa urahisi, kitaugusa pia utakapoegemea jiwe.

Masikio

Baadhi ya watengenezaji hufunga mdomoni mwa mtutu kifaa chenye matundu kinachoelekeza gesi pembeni na nyuma. Kinapunguza teke sana, na kinaurudisha mlio usoni mwa mpigaji na wenzake. Mlio wa kishindo unaozidi desibeli 140 unaweza kuharibu masikio mara moja, na bunduki ya uwindaji bila kifaa chochote inapita 150. Seli za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Huko New Zealand na Finland wengi hutumia kizuia sauti, ambacho hupunguza mlio na teke kwa pamoja, kwa gharama ya gramu mia kadhaa mdomoni mwa mtutu. Penye sheria isiyokiruhusu, vizibo vya masikio vivaliwe kila risasi, na bunduki inayohitaji kifaa cha matundu ili ivumilike ina risasi kubwa kupita uzito wake.

Mpangilio wa kuchagua

Wengi huanza na chapa, wakafuata uzito, wakamalizia na risasi. Sayansi tuliyoipitia inataka ugeuze mpangilio.

Anza na mnyama na sheria ya nchi utakayowinda. Kibali cha silaha, leseni ya uwindaji na kaliba ya chini inayokubalika havina mjadala, na ndivyo vinavyokuambia risasi ndogo kuliko zote inayomtosha mnyama huyo. Ichukue hiyo. Usiongeze nguvu kwa ajili ya mnyama usiyemwinda.

Kisha jiulize teke gani unaliweza bila mwili kushtuka. Omba kupiga bunduki za watu kadhaa zenye risasi hiyo uwanjani, fanya jaribio la risasi bandia, uyakubali majibu. Hapo ndipo uzito wa bunduki unapopatikana. Kwa wengi wenye risasi za wastani, kilo 2.9 hadi 3.4 kwa jumla, pamoja na darubini, mkanda na risasi zilizopakiwa, ni eneo zuri: nyepesi ya kutosha mlimani, nzito ya kutosha kutulia. Sema "kwa jumla", maana duka huandika uzito wa bunduki tupu. Darubini kubwa ya gramu 700 na vishikizo vyake hurudisha karibu kila ulichokilipia. Ya gramu 350 itatosha wengi.

Baada ya hapo ndipo uangalie kitako, kifyatulio na urefu wa mtutu, kwa mpangilio huo. Chapa ije mwisho.

Fedha ikibaki baada ya yote, nunua risasi za mazoezi. Piga ukiwa umeketi, umepiga goti, umeegemea mkoba. Panda kilima kwa kasi, kisha piga kabla pumzi haijatulia. Andika umbali ambao risasi zako zote, si tatu nzuri ulizozichagua, zinatua ndani ya eneo la moyo na mapafu ya mnyama. Namba hiyo ndiyo bunduki yako halisi. Kama ni mita 180, basi ukiwa na bunduki ya kilo 2.2 au ya kilo 4, mnyama aliye mita 300 si wako siku hiyo. Mkaribie zaidi, au mwache aende zake.